Mzee Tulia na Simba wa Kwenye Kalenda

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani kote alijulikana kama Mzee Tulia, kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja hilo ndilo neno aliloambia watu kuliko neno lingine lolote. Ulikuwa ukiingia studioni kwake, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi saa na duka la madaftari, unakalishwa kwenye kigoda cha duara, pazia la buluu nyuma yako, taa mbili usoni. Yeye anainama nyuma ya kamera na kusema, "Tulia. Kidevu juu kidogo. Tulia hapo hapo." Mwanga unakupiga, unatoka nje ukiona nyota mchana kweupe.

Alipiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za vyeti vya shule, na za wachumba waliotaka kuonyeshana kabla ya kuonana. Hakuwa na mbwembwe. Sifa yake ilikuwa moja: hakusahau sura. Ungepigwa picha pale ukiwa na miaka kumi na miwili, ukarudi na ndevu na kitambi, angekutazama mara moja tu. "Wewe ulikuja na shati la kaka yako, kola inafika masikioni. Na hilo sikio la kushoto bado limechomoza vile vile." Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini hakuna aliyeweza kumbishia.

Mke wake alikuwa mkunga wa hospitali, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa maarufu. Nusu ya mji ilipita kwanza mikononi mwake, ndipo ikapita mbele ya kamera ya mumewe. "Mimi nawapokea," alikuwa akisema, "yeye anawaandikisha."

Kisha zikaja simu zenye kamera. Picha za vitambulisho nazo zikaanza kupigwa huko huko ofisini kwa mashine, mtu unaangalia kijitundu na mambo yamekwisha. Wateja wa Mzee Tulia wakapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka: huoni yakitoka, ila ukirudi huyakuti. Mwaka wa tatu akafunga. Alirudi nyumbani na vitu vitatu: kile kigoda, kioo kirefu ambacho wateja walikuwa wakichania nywele, na lenzi yake ndogo ya mkononi ya kukuzia picha.

Tatizo ni kwamba mkunga alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla yake na nyumba alikuwa ameshaipanga anavyotaka. Sasa kukawa na mwanamume ndani saa ishirini na nne. Akapanga sufuria upya kwa ukubwa. Akahamisha sukari ili isikae karibu na chumvi. Siku alipoanza kumfundisha mkewe namna ya kukunja shuka, mkunga aliweka shuka chini, akashika kiuno.

"Baba," alisema, "nyumba hii ni ndogo kwa wastaafu wawili. Mmoja wetu lazima atafute kazi, na huyo si mimi."

Haikupita wiki, Mungu akamsikia mkunga.

Mzee Tulia alikuwa na mpwa, binti wa dada yake, aliyefanya kazi katika ofisi ya wanyamapori pale mwisho wa mji, barabara ya hifadhi inapoanzia. Alikuja Jumapili moja kuwasalimia. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Una nini, mwanangu?" mkunga alimuuliza.

"Nina simba, Mama. Nimejaa simba mpaka hapa." Akagusa paji la uso. "Picha elfu sita na zaidi. Madereva wanapiga, askari wa hifadhi wanapiga, kamera tulizofunga mitini zinajipiga zenyewe. Miaka minne zimekaa tu, hakuna anayejua nani ni nani. Bosi anataka kujua tuna simba wangapi, na kila mtu ofisini ananiambia simba wote wanafanana."

"Hata watu wanafanana," Mzee Tulia alisema akiwa bado anachovya mkate kwenye chai, "kwa mtu asiyetazama."

Mpwa akamtazama mjomba wake. Akafungua mkoba akatoa picha mbili.

"Mjomba, hawa ni wawili au ni mmoja?"

Mzee Tulia alifuta vidole, akachukua lenzi. Alizitazama kwa muda wa kumaliza kikombe.

"Wawili. Pua ya huyu ina weusi mwingi kuliko ya mwenzake. Na hapa juu ya sharubu kuna vitone vyeusi vimepangwa mstari. Huyu anavyo vitatu, huyu vinne, na cha nne kimekaa peke yake kama mtu aliyenuniwa."

Mpwa alicheka hadi akajishika kifua. Akaeleza kwamba hicho ndicho wataalamu wanachokitumia: vile vitone vya mashavuni mwa simba, mstari wa juu kabisa, havifanani kwa simba wawili. Tena shavu la kulia lina mpango wake na la kushoto lina mpango wake. Pua nayo huanza ya waridi utotoni, kisha huingia weusi kidogo kidogo umri unavyokwenda. Yeye alifundishwa hayo chuoni kwa muhula mzima. Mjomba wake aliyaona kabla chai haijapoa.

Jumatatu Mzee Tulia alivaa shati la kufungia vifungo hadi juu, akaenda kazini.

Walimpa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, kabati la chuma na meza iliyokuwa na mguu mfupi. Akakunja boksi akauwekea. Kompyuta aliiogopa kwa wiki mbili, kisha akagundua kwamba ina lenzi kubwa kuliko yake, wakapatana. Kila simba alimfungulia kadi: shavu la kulia, shavu la kushoto, masikio, pua, makovu, na mahali alipoonekana. Mkuu wa ofisi, ambaye wote walimwita Daktari kwa sababu ya shahada yake ya mambo ya wanyama, alitaka kila simba apewe namba. Namba zikaandikwa. Lakini Mzee Tulia hakuwahi kumkumbuka binadamu kwa namba yake ya pasipoti, na simba nao aliwapa majina pembeni kwa penseli. Jike mkubwa mwenye mkia uliokatika ncha aliitwa Shangazi. Jike mwingine aliyetazama kamera kila mara kama anayedai haki yake akaitwa Mpangaji. Palikuwa na ndugu wawili, wana wa kiume wa Mpangaji: mmoja alizoea kukaa kando ya wenzake, amekunja mikono mbele kama anasubiri watu wapange foleni. Huyo akawa Karani. Ndugu yake, ambaye katika picha kumi alikuwa anamng'ata mwenzake katika tisa, akawa Mbishi.

Jioni alirudi nyumbani na habari. Sufuria mkunga akazirudisha anavyotaka na hakuna aliyezigusa tena.

"Leo nimejua jambo," anaanza huku akivua viatu. "Wale majike wa kundi moja wote ni ndugu. Mama, mabinti, wadogo, shangazi. Jike anazaliwa hapo, anazeeka hapo. Dume ndiye anayeondoka."

"Kama nyumba yenye akili," mkunga anasema.

Au siku nyingine: "Mimba ya simba ni miezi mitatu na nusu."

Mkunga aliacha kuchambua mchele. "Mitatu na nusu? Na sisi tisa? Kuna mtu alitupangia vibaya." Kisha akili ya kazi ikamrudia. "Wanazaa wangapi? Nani anamsaidia?"

Hakuna anayemsaidia, mumewe alimwambia. Jike akikaribia anajitenga, anazaa peke yake kichakani, watoto wawili au watatu wenye madoadoa, macho yamefumba. Anawaficha wiki sita hivi, na kila baada ya siku chache anawahamisha mmoja mmoja kwa kuwabeba kwa meno, ili harufu isizoeleke mahali. Wakipata nguvu anawapeleka kwa ndugu zake. Na huko, kama majike wengine nao wamezaa, mtoto ananyonya kwa yeyote aliyelala karibu.

"Kwa yeyote?"

"Nina picha. Shangazi amelala chali, ana watoto watano kifuani, wake ni wawili."

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameona wodi nyingi katika maisha yake. "Mwambie Daktari wako," alisema, "huyo Shangazi ningemwajiri."

Siyo habari zote zilizokuwa tamu. Mwaka wa pili madume watatu wageni waliingia katika eneo la Shangazi na Mpangaji, wakapigana na madume wenyeji siku mbili, wakawafukuza. Picha zilizofuata ziliwaonyesha majike wale wale, lakini watoto wanne wadogo hawakuwemo tena. Mpwa alimweleza mjomba wake kwa sauti ya chini kwamba ndivyo ilivyo: dume mgeni hana subira na watoto wa aliyemtangulia, huwaua, ili mama zao wapate mimba upya. Mzee Tulia alikaa na kadi nne mbele yake mpaka ofisi ikafungwa. Nyumbani alisema kwa kifupi. Mkunga alisimama, akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Karani na Mbishi hawakuwa wadogo wa kuuawa. Walikuwa na miaka miwili na nusu, manyoya ya shingoni ndiyo kwanza yanachomoza kama ndevu za mvulana wa sekondari. Lakini walikuwa madume, na pale palikuwa na wenyewe wapya. Picha ya mwisho iliwaonyesha wakivuka mtaro mpakani mwa hifadhi, Mbishi mbele, Karani nyuma akigeuza kichwa. Baada ya hapo hakuna picha. Mwezi, miezi sita, mwaka. Daktari alimwagiza aandike "Hajulikani alipo" kwenye kadi zote mbili. Kila mtu ofisini alijua maana yake: kitanzi, sumu, au njaa. Vijana wengi wa simba hawafiki mbali. Mzee Tulia aliandika kwa penseli.

Dereva wa ofisi, mtu mpole aliyekuwa akimletea kadi za kumbukumbu za kamera kila Ijumaa, alijaribu kumchangamsha.

"Mzee Tulia, twende siku moja ukawaone wenyewe. Miaka miwili unawatazama usoni, hujawahi kukutana hata na mmoja!"

"Picha haing'ati," alijibu Mzee Tulia. Na hakuwa anatania. Alikuwa amekuza meno ya simba yakajaa kioo cha kompyuta ukubwa wa ndizi, na alitosheka na urafiki wa namna hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, hifadhi nyingine iliyo mbali upande wa machweo iliwatumia kalenda ya ukutani, zawadi ya ofisi kwa ofisi. Januari ilikuwa na twiga, Februari na ndege wa majini. Machi ilipofunuliwa, palikuwa na dume la simba, uso kwa ubavu, shavu la kushoto likionekana vizuri kabisa, manyoya ya shingoni mazito yenye rangi ya kahawa.

Mzee Tulia alisimama mbele yake na kikombe mkononi. "Huyu namjua."

"Mjomba, huyu si wetu," mpwa alisema. "Ni wa kule."

"Najua ni wa kule. Lakini namjua."

Alirudi chumbani akatoa kadi zote za madume, akalinganisha mashavu ya kushoto. Hayakuwa yale. Alirudia kesho yake. Akarudia wiki nzima. Ilimkera kama uzi wa nyama kwenye jino. Hakuwahi kushindwa hivyo, na alianza kujiambia kwamba miaka sitini na minane si mchezo, labda macho yameanza kuchoka na hakuna anayethubutu kumwambia.

Machi ilipokwisha aliomba ile karatasi. Daktari alimpa akicheka. Akaenda nayo nyumbani, akaibandika ukutani sebuleni juu ya redio.

"Sasa tunaishi naye," mkunga alisema. "Anakula nini?"

Asubuhi ya Jumanne, Mzee Tulia alisimama mbele ya kile kioo kirefu cha studio, ambacho sasa kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa pili wa sebule. Alikuwa anachana nywele chache alizobakiwa nazo. Aliinua macho, na nyuma ya bega lake, ndani ya kioo, simba wa Machi alikuwa ametokea.

"Karani!" alisema. Alisema kama unavyomwita mtu uliyekutana naye sokoni, kabla hujafikiri.

Mkunga alichungulia kutoka jikoni. "Unaongea na nani?"

Mumewe alikuwa amegeuka kutazama karatasi: si Karani. Akageukia kioo: Karani, bila shaka hata punje. Vitone vitatu mstari wa juu, cha mwisho kimeshuka kidogo. Na lile pengo dogo kwenye sikio, alama ya meno ya Mbishi ya tangu utotoni, lililokuwa sikio la kushoto kwenye kalenda, ndani ya kioo lilikuwa kulia, mahali pake.

Akaketi kwenye kigoda. Zamani, enzi za filamu, aliwahi kuweka hasi, ile filamu inayotolea picha, kinyume na kusafisha picha za darasa zima. Watoto arobaini wakatoka na beji upande wa kulia, na mwalimu mkuu akaja studioni amefura. Kosa dogo: unageuza ubavu tu, uso unabaki uso, na mama mzazi anaweza kuitazama asijue ni nini kinachomsumbua.

"Wameigeuza," alimwambia mkewe. "Hilo siyo shavu la kushoto. Ni la kulia! Wameigeuza picha!"

"Kunywa chai kwanza," alisema mkunga, lakini mumewe alikuwa ameshabandua karatasi ukutani na yuko mlangoni na viatu bila soksi.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasimama mbele ya ramani.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini tazama. Sisi tuko hapa, wao wako kule. Katikati kuna mashamba, kuna vijiji, kuna barabara ya lami yenye malori, kuna reli. Simba apite hapo akiwa hai, tena asionekane na mtu?"

"Sijasema amepitaje," Mzee Tulia alisema. "Mimi si mtu wa njia. Mimi ni mtu wa sura. Huyu ni Karani."

"Hata kompyuta imelinganisha, imekataa."

"Kompyuta imepewa shavu lisilo lake. Hata wewe Daktari ukipewa sikio la jirani hutajijua."

Mpwa alikohoa kuficha kicheko. Daktari alikuna kidevu, akampa ruhusa ya kuandika barua kwa ile ofisi nyingine kuomba picha yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera.

Jibu lilichukua siku tatu. Katika siku hizo Mzee Tulia alikunja boksi jipya la mguu wa meza, akalikunjua, akalikunja tena. Siku ya tatu mpwa alimwita. Walisimama wanne mbele ya kompyuta moja: mpwa, mjomba, Daktari na dereva aliyejifanya amekuja kuuliza funguo. Barua ilikuwa ya maneno machache. Ndiyo, aliyetengeneza kalenda aliigeuza picha, kwa sababu simba alikuwa anaangalia nje ya ukurasa na yeye alitaka aangalie tarehe. Chini yake ilikuwepo picha yenyewe.

Mpwa aliiweka sambamba na kadi ya Karani, shavu la kulia kwa shavu la kulia. Hakuna aliyehitaji lenzi.

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mzee Tulia," alisema, "nimekukosea."

"Hujanikosea. Umeuliza. Anayeuliza hajakosea."

Lakini alipotoka nje kwenda kunawa uso bombani, dereva alimwona akicheza hatua mbili tatu peke yake.

Jambo hilo halikuishia kwenye kadi. Kama Karani alifika, basi njia ipo. Daktari alirudi kwenye ramani akafuata kidole chake kwenye mkondo wa mto wa msimu, unaopita chini ya reli na chini ya daraja la barabara, umefunikwa na vichaka karibu mwendo wote. Wakafunga kamera saba humo. Wiki za kwanza zilileta mbwa wa kijiji, fisi mmoja, na mchungaji aliyekuwa akijikuna mgongo kwa fimbo akidhani yuko peke yake duniani. Siku ya kumi na tisa, saa kumi na moja alfajiri, akapita dume kijana chini ya daraja, ameinamisha kichwa, mwendo wa mtu asiyetaka maswali. Mwezi uliofuata majike wawili. Daktari aliandika ripoti ndefu, akaenda kuongea na wazee wa vijiji vya kando ya mto kuhusu kutokata vichaka vile na kuimarisha mazizi. Baadhi walikubali, baadhi walisema watafikiri. Kwenye ripoti, ukurasa wa pili, paliandikwa kwamba aliyegundua ni Mzee Tulia, mpiga picha mstaafu. Mkunga aliusoma ukurasa huo kwa sauti mara mbili, kisha akamsomea jirani kwa simu.

Ile hifadhi nyingine ikawaalika. Safari hii Mzee Tulia hakuwa na pa kukimbilia.

"Nenda," mkunga alimwambia.

"Twende wote basi."

"Mimi sijazalisha watoto wa mji mzima nije niliwe na simba uzeeni."

Lakini alfajiri ya safari, mpwa na dereva walipokuja kuwachukua, alikuwa wa kwanza kwenye gari, amevaa viatu vyake vyeupe vya wodini, chupa ya chai magotini.

Walifika kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wao, askari wa hifadhi mwenye darubini shingoni, aliwapeleka taratibu hadi penye kivuli cha miti miwili, akazima injini. Mzee Tulia alishika mkono wa kiti kwa nguvu. Hakuona kitu. Nyasi, kivuli, nyasi. Kisha kipande cha nyasi kikapiga sikio kufukuza nzi, na hapo hapo wakatokea kwa pamoja: madume wawili wamelala chali, matumbo juu, miguu imetupwa ovyo kama nguo zilizoanguka kambani.

"Hao ndio wafalme?" mkunga alinong'ona.

"Wanalala karibu saa ishirini kwa siku," dereva alisema.

"Nawajua wanaume wa namna hiyo."

Walingoja saa mbili na zaidi. Hofu ni kitu kinachochoka, na ya Mzee Tulia ilichoka kabla simba hawajaamka. Mwishowe mmoja alijiviringisha, akaketi, akapiga mwayo uliokuwa na meno yote aliyowahi kuyakuza. Kisha akakunja mikono mbele yake, akatulia. Mzee Tulia aliomba darubini. Akaegemeza kiwiko dirishani. Vitone vitatu. Cha mwisho kimeshuka kidogo.

"Ni yeye," alisema. Mkunga alimpa kikombe cha chai akaangalia upande mwingine, ili mumewe afute macho kwa nafasi.

Dume la pili lilipoinuka, Mzee Tulia alilielekezea darubini kwa matumaini yote, akaishusha. Halikuwa Mbishi. Lilikuwa jeusi puani, lenye umri mkubwa kidogo, halina alama hata moja anayoijua.

"Walikutana hapa," mwenyeji alieleza. "Huyu wenu alifika peke yake, amekonda, mbavu unazihesabu. Mwingine naye alikuwa hana ndugu. Walinguruma wakafukuzana mwezi mzima, kisha siku moja tukawakuta wanakula pamoja. Dume mmoja hawezi kulinda eneo. Wawili wanaweza."

Mzee Tulia aliuliza kama waliwahi kuona mwingine, mwenye tabia ya kung'ata. Mwenyeji alitikisa kichwa. Basi. Kadi ya Mbishi ilibaki kama ilivyokuwa, maneno ya penseli, na haijafungwa hadi leo.

Jua lilipopungua makali majike walikuja kutoka upande wa maji, watano, na nyuma yao watoto wanne wakipita kwenye nyasi, masikio tu yakionekana. Mkunga alisahau umri wake. Alisogea dirishani, akawahesabu, akawapima kwa macho.

"Wiki nane, hawazidi tisa," alisema. "Yule wa mwisho amezaliwa mdogo, lakini ananyonya vizuri, tazama tumbo."

Mwenyeji alifungua daftari lake. Watoto walikuwa na wiki nane na siku nne.

Yule mdogo wa mwisho alikwenda moja kwa moja kwa Karani, akauvamia mkia wake kwa meno. Karani aligeuka, akakunja uso, akanguruma kidogo kwa ajili ya heshima. Mtoto hakujali. Karani alitazama mbali, akaacha mkia wake utafunwe.

Wakati wa kurudi, mkunga aliuliza maswali njia nzima. Nani anaandika vizazi? Nani anajua jike gani amepoteza mimba, nani amezaa mapacha, nani ananyonyesha wa mwenzake? Mpwa alikiri kwamba hakuna, picha za watoto zote ziko kwenye bahasha moja kubwa iliyoandikwa "Watoto".

"Bahasha moja!" mkunga alisema. "Ningeandika hivyo wodini wangenifunga."

Siku hizi ukienda ofisi ya wanyamapori asubuhi ya Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, utawakuta wote wawili katika chumba cha nyuma, meza mbili zimeelekeana, chupa ya chai katikati. Yeye ana kadi za wakubwa, mkewe ana daftari la watoto, mistari imepigwa kwa rula. Ile hifadhi nyingine nayo huwatumia picha zake, na mara kwa mara kuna simu kutoka kule: mzee atutazamie shavu hili. Mara ya mwisho dereva alipowapelekea picha mpya aliwakuta wanabishana kuhusu mtoto mmoja wa Mpangaji aliyepigwa akiruka tope.

"Dume," Mzee Tulia alisema.

"Jike," alisema mkunga bila kuinua macho. "Hapa mimi ndiye ninayesema. Endelea na masharubu yako."

Mzee Tulia akaendelea.